Fundi Aliyekataa Nguo Nyeupe

Alizaliwa wapi, baba yake nani, ukoo wake upi, hayo waulizeni wazee wa bula letu, yaani mtaa wetu huu, watawahesabia mababu mpaka chai ipoe. Mimi najua mkono wake. Nikifunga macho sasa hivi nauona: mkavu, una hina kwenye kucha, kidole gumba cha kulia kimepinda kidogo kwa kusukuma sindano kwenye ngozi na turubai.

Tulikaa naye mlango kwa mlango hapa Garissa tangu nikiwa darasa la kwanza. Baba yangu ni mwalimu wa hesabu. Sisi ni Wakamba wa upande wa Mwingi. Serikali ilimleta Baba huku, na sisi tukaja nyuma yake na masufuria yetu. Watu wa bara walimwita yule mama Fundi. Watoto wa Kisomali walimwita Habo, ndiyo kusema mama mdogo, na mimi nikawaiga, hakukataa. Mbele yake nilisema Habo. Hapa nitasema Fundi, kwa sababu ndivyo mji mzima ulivyomjua, hata wale ambao hawakumpenda.

Cherehani yake ilikaa kibarazani, chini ya kivuli cha mikeka. Alishona kila kitu: kanzu za wazee, magauni ya wake za makarani, suruali za Baba, viraka vya magunia. Lakini kazi aliyoipenda ilikuwa nguo za zamani. Hapo ungemwona anaamka. Wasichana wa mjini walikuwa wanataka nailoni ya maua kutoka Nairobi, na yeye akiulizwa nailoni anajibu, "Hiyo nenda nunua, mimi nashona nguo." Alichotaka kushona ni guntiino, lile vazi la bibi zao: kitambaa kirefu kimoja, kinafungwa fundo begani, kinazunguka kiuno, kinaanguka mpaka kwenye nyayo. Alichukua merikani nyeupe ya dukani, akaichemsha na magome ya mgunga kwenye pipa, akaianika, akaichemsha tena, mpaka ikatoka na rangi ya udongo wa kichuguu. Halafu akaipiga kwenye jiwe na mchanga wa mto. Halafu samli kidogo kwenye mikunjo. Mwisho anaiweka juu ya chetezo, inavutishwa ubani siku nzima. Ukiishika ungesema imetembea na ngamia miaka hamsini.

"Nguo mpya inajua duka tu," alikuwa anasema. "Nguo mzee inajua watu."

Mimi nilikuwa na haraka, bado nina haraka. Nilimuuliza kwa nini mtu achukue kitambaa kipya akizeeshe, wakati dunia nzima inatafuta kipya. Aliniangalia juu ya miwani. "Wewe shule yenu inafundisha nini? Kukimbia?"

Kulikuwa na sababu, nikaijua baadaye. Kwao bibi arusi huvaa siku ya kwanza nguo ya mama yake au ya bibi yake, hata kama ni kipande tu cha kufunga kiunoni. Na ile miaka serikali ilipopigana na shifta, wale wapiganaji wa porini, nguo hizo zilikuwa zinakwisha. Manyata zilichomwa, watu wakahamishwa wakawekwa kwenye vijiji vyenye ulinzi, na mtu akiambiwa aondoke sasa hivi anabeba mtoto na kibuyu, habebi sanduku. Basi walikuja kwa Fundi, mama na binti, kutoka Bura, wengine kutoka mbali zaidi, wanasema yetu imeungua. Fundi anauliza ilikuwa na rangi gani. Fundo lilikaa bega lipi. Pindo lilikuwa pana namna gani. Wao wanaonyesha kwa vidole hewani, na yeye anapima vile vidole.

Nakumbuka mama mmoja alipokabidhiwa. Alinusa kile kitambaa, akakaa chini pale pale kibarazani, akasema kwa Kisomali kwamba hii ni ya mama yake, imerudi. Alilia sana. Fundi hakusema kitu, aliendelea kufungua uzi.

Walipoondoka nikamwambia, "Habo, si huo ni uongo? Ile ni merikani ya juzi. Nimeona ukiinunua."

"Mimi nimesema nini?"

"Hukusema kitu."

"Basi. Nani amedanganya?"

"Lakini ulinyamaza."

"Kunyamaza ni kazi," alisema. "Wewe hiyo kazi huwezi. Leta chaki."

Na huyu ni mtu ambaye hakuwa anasema uongo. Hiyo ndiyo ilinichanganya. Mfanyabiashara mmoja alimwomba awaambie wateja kwamba kitambaa chake kimetoka Uingereza, yeye akamrudishia bunda zima mbele ya watu. Akikosea kipimo alikuwa anasema mwenyewe kabla hujaona: "Hapa nimeharibu." Alikuwa mkali wa sala, mkali wa ahadi, mkali wa kila kitu. Aliwahi kugeuza sketi yangu ya shule ndani nje, mimi nikiwa nimeivaa, akaangalia mishono.

"Nani ameshona hii? Mwizi?"

"Imetoka kiwandani, Habo."

"Basi kiwanda ni mwizi. Angalia, hakuna kitambaa ya kuongeza. Ukinenepa utafanya nini, utaomba nchi nyingine?"

Mama yangu alicheka mpaka akashika ukuta. Mama na Fundi walipendana kwa njia yao ya kutupiana maneno. Siku moja Fundi alimuuliza, "Na nyinyi Wakamba, nguo ya bibi yenu iko wapi?" Mama akasema bibi yake alikuwa na shanga na mkanda wa ngozi, lakini alipobatizwa aliambiwa aziache, akaziacha. Fundi alisimamisha gurudumu la cherehani, akasema, "Bole, dada." P yake iligeuka b mara nyingine, na v ikawa f, kama wengi hapa. Hakutania tena siku hiyo. Wiki iliyofuata alimpa Mama mkanda wa ngozi wenye shanga nyekundu na nyeupe. Haukuwa wa Kikamba hata kidogo, Fundi hajawahi kuuona wa Kikamba. Mama anao mpaka leo.

Alikuwa pia na mambo ambayo hayakukaa pamoja. Alichukia bunduki, alikuwa hawezi hata kuitamka, anasema "ile chuma". Lakini askari walileta kaki zao zilizochanika, na alizishona vizuri kuliko nguo za majirani. Watu walinung'unika. Mama wa maziwa, aliyekuwa anapita asubuhi na vibuyu vyake kwa punda, alisimama siku moja akasema kwa sauti ya kusikika mpaka msikitini:

"Fundi, unashona mkono wa mtu anayetupiga?"

"Nashona mkono wa shati."

"Ni tofauti?"

"Shati haijapiga mtu. Una maziwa ama una maneno tu?"

Lakini nilikuwa nataka kusema juu ya uzi mwekundu, maana bila huo hakuna anayeweza kumwelewa. Kila nguo iliyotoka mkononi mwake, iwe ya tajiri au ya mchungaji, ilikuwa na uzi mwekundu ndani ya pindo. Mdogo, urefu wa punje ya mchele. Huwezi kuuona mpaka ugeuze pindo. Alisema ni wa kuzuia jicho baya, na kwamba bibi yake alikuwa anafanya hivyo kwenye ngozi kabla ya vitambaa kufika nchi hii. Mimi nilizidi kumkera kwa kuuliza kama jicho baya linaogopa uzi. "Haliogopi," alisema. "Lakini linajua kwamba huyu ana mtu." Suruali za Baba zilikuwa na uzi huo. Gauni langu la Krismasi pia. Ukisimama sokoni siku ya mnada, nusu ya watu waliokuzunguka walikuwa na uzi wa Fundi miguuni, na hawaufikirii.

Sasa mume wake. Alikuwa mtu mrefu wa ng'ombe, mpole, anatembea na fimbo mabegani, anawanunua upande wa Fafi na Sangailu anawauza huku. Juu ya kikoi chake alikuwa anavaa koti la kitambo, lile la vifungo viwili viwili kifuani, ambalo hakuna anayelishona siku hizi. Alilinunua Isiolo akiwa kijana. Lilipochoka, Fundi alilifumua lote, akalaza vipande vyake juu ya kitambaa kingine, akalikata upya vile vile lilivyokuwa, na mapengo yake, na mfuko wake ulioinama. Mji mzima ulijua koti lile. Likionekana mbali kwenye vumbi, watoto walikuwa wanasema ng'ombe wamefika.

Mwaka wa pili wa vita alikwenda upande wa Bura kutafuta ng'ombe, kwa sababu waliokuwa karibu walikuwa wamekwisha. Joto lilikuwa kali, koti akaliacha nyumbani kwenye msumari. Hakurudi. Wiki zikapita, na hakuna aliyemwona, au hakuna aliyesema.

Hapa lazima nieleze juu ya nyeupe. Mwanamke wa Kisomali akifiwa na mume anavua shaash, kile kitambaa cheusi cha kichwani cha mwanamke aliyeolewa, anaacha hina, anaacha manukato, anavaa nguo nyeupe tupu, anakaa nyumbani miezi minne na siku kumi. Hiyo ndiyo eda. Nguo hizo nyeupe za bula letu zote zilikuwa zinashonwa na Fundi. Alikuwa hatozi. Ile miaka alizishona nyingi sana, sitaki kuhesabu. Watu walikuwa wanangoja siku atakayojishonea yake.

Hakujishonea.

Miezi ikapita, mwaka ukapita, Fundi yuko kibarazani na shaash yake nyeusi, hina mpya kila Idi, ubani kwenye nguo. Na lile koti! Kila baada ya muda alilishusha kwenye msumari, akalikung'uta, akafumua bitana, akaishona tena pale pale. Nikirudi likizo kutoka shule ya bweni, na ule msafara wa malori na askari mbele na nyuma, ningemkuta na koti magotini.

"Habo, hilo si limeshonwa tayari?"

"Limelegea."

"Linalegeaje na hakuna anayelivaa?"

"Nguo ambayo haivaliwi inalegea haraka," alisema. "Hiyo hamjasoma."

Wanawake walisema. Kwanza polepole, halafu bila kuficha. Mama wa maziwa ndiye alikuwa na ulimi. "Fundi, mzee wako yuko wapi? Amekwenda kuoa?" Fundi anakata uzi kwa meno. "Wenzako wamevaa nyeupe, wewe unanukia kama arusi. Unangoja nini?" Hata Mama yangu, ambaye alimpenda, alisema nyumbani kwamba kuna kiburi fulani hapo. Mtu akubali ya Mungu. Nami nilimsikia. Kwa mara moja maishani mwangu nilinyamaza, kwa sababu mimi nilijua kitu ambacho Mama hakukijua, na nilikuwa nimekijua karibu tangu mwanzo.

Ilikuwa likizo, muda mfupi baada ya mzee kupotea. Asubuhi askari walitutoa nyumbani wote, wakatupanga kwenye uwanja karibu na soko. Kulikuwa na mapigano porini, wakasema, na wanaume waliokufa walizikwa huko huko. Walikuwa wameleta nguo zao. Zilitandazwa kwenye turubai: vikoi, shati moja, viatu vya ngozi vya kamba, kofia. Mkubwa wao alisema kupitia mkalimani kwamba hao wote walikuwa shifta, na kwamba kila mtu atapita aangalie. Nguo ikipata mwenyewe, nyumba hiyo ni nyumba ya shifta: mifugo yao inachukuliwa, na bula lote linahamishwa.

Watu walipita. "Sijui." "Sijui." Mimi nilikuwa nimesimama na Baba, na mbele yetu alikuwa Fundi.

Mkubwa alimsimamisha. Mtu alikuwa amemwambia kazi yake.

"Wewe ndiye fundi wa hapa?"

"Ndio."

"Unashonea mji mzima."

"Anayeleta."

Akaokota kikoi kimoja kwa ncha ya fimbo, cha mistari ya bluu, kimekauka upande mmoja kwa damu, akamtupia mikononi. "Hii imeshonwa na mtu anayejua kazi. Ni kazi yako?"

Fundi alikishika. Hakuangalia mistari, hakuangalia damu. Mikono yake ilikwenda kwenye pindo yenyewe, kama inavyokwenda siku zote, ikaligeuza. Mimi nilikuwa hatua moja nyuma ya bega lake. Niliuona uzi mwekundu. Na wakati huo huo kidole gumba, kile kilichopinda, kikashuka juu yake kikaufunika.

Alikaa na kidole pale. Sijui ilikuwa muda gani.

"Sio mkono yangu," alisema. "Hii imeshonwa mbali."

Mkubwa akamwangalia, halafu akamwangalia Baba. "Mwalimu. Wewe si unakaa naye mlango kwa mlango? Hii ni kazi yake?"

Baba alikuwa amevaa suruali ya kijivu. Ilikuwa na uzi huo, pande zote mbili, nilikuwepo ukitiwa. Na nikafikiria uwanja mzima ule: mkubwa angeagiza mtu mmoja tu ainame, ageuze pindo la kikoi chake, akilinganishe na kile cha damu, yangekwisha. Wote tulikuwa tumevaa ushahidi.

"Bwana," Baba akasema kwa sauti yake ya darasani, "mimi nguo naijua ikichanika tu. Muulize mke wangu kama nadanganya."

Askari mmoja alicheka. Mkubwa akapunga mkono, tupite.

Fundi alikikunja kile kikoi. Alikikunja vizuri, pindo likaingia ndani, mara nne, kama anavyokikabidhi kwa mwenyewe, akakilaza juu ya turubai pamoja na vingine. Akaenda nyumbani. Alasiri hiyo tulisikia cherehani inakwenda kama kawaida. Baadaye nguo zile zote zilichomwa.

Jioni Baba alivua suruali yake akakaa kitandani na wembe, akafumua uzi mwekundu mguu wa kushoto, halafu wa kulia. Hakueleza, na Mama hakuuliza sana. Alidhani ni mambo ya Baba na usafi wake. Mimi nilifanya hivyo hivyo kwenye gauni langu. Nina tabia ya kuandika kila kitu kwenye daftari, hata bei ya sabuni. Hilo sikuliandika. Nililibeba kichwani miaka hiyo, na nilikuwa napata hasira nikisikia wanawake wanamcheka, nataka kutoka nje nipige kelele, halafu namwona anafunga fundo la uzi taratibu, na naelewa kwamba nyeupe angeivaa siku moja tu, na siku hiyo mtu angeuliza, Fundi, umejuaje kwamba amekufa? Shemeji yake, ndugu wa mzee, alikuwa na ng'ombe wachache waliobaki na watoto sita. Bula letu lilikuwa na nyumba nyingi kuliko ninavyoweza kutaja. Shaash nyeusi ndiyo ilikuwa ukuta wao.

Tangu siku ile hakuweka tena uzi mwekundu kwenye nguo ya mtu yeyote. Nilimuuliza mara moja tu.

"Umekwisha," alisema. Na kopo la nyuzi lilikuwa wazi mbele yetu, na kigurudumu cha uzi mwekundu kiko ndani, kimejaa.

Sasa nimemaliza shule. Mwaka huu wakubwa wa pande zote wamekubaliana vita viishe, na ingawa bado kuna pasi za kusafiria na bado kuna askari barabarani, watu wameanza kusema majina. Ndivyo nilivyoona niliporudi: mtu anataja jina la ndugu yake mchana, dukani, halafu anaangalia nyuma kwa mazoea.

Siku niliyofika Mama alinishika mkono kabla sijaweka begi chini. "Nenda kwa Fundi," alisema. "Nenda sasa. Na uvue hivyo viatu vya kelele."

Kibaraza kilikuwa kitupu. Cherehani ilikuwa imefunikwa. Ndani, kwenye ngozi ya ng'ombe, Fundi alikuwa amekaa, na alikuwa amevaa nyeupe. Merikani tupu, haijatiwa magome, haina ubani. Kucha zake zilikuwa hazina hina. Sikuwahi kuona nywele zake. Zilikuwa zimefunikwa kwa kitambaa cheupe, na uso wake ulionekana mdogo sana bila ule weusi kuuzunguka.

Mama wa maziwa alikuwa amekaa pembeni, karibu na mlango, na kibuyu magotini. Hakuwa anasema kitu. Nilivyosikia, amekuja kila asubuhi, anakaa hivyo, anaacha maziwa, anaondoka.

Nilikaa. Nilitaka kusema yale maneno ya pole niliyofundishwa, nikayasahau.

"Umekuwa mrefu," Fundi alisema. "Ile sketi imekufa?"

"Imekufa, Habo."

"Nilisema." Akanyoosha kitambaa gotini. "Sheikh alikuja. Anasema eda haiko tena. Anasema muda yake inahesabiwa kutoka siku mzee alikufa, na hiyo siku imepita zamani. Anasema niko huru."

"Ukamwambia nini?"

"Nikamwambia eda ya kitabu imeisha, alhamdulillahi. Hii ingine ni yangu."

Mama wa maziwa aliinamisha kichwa.

"Ile kikoi ilikuwa ya mzee yangu," Fundi akasema. Alisema kwa sauti ya kawaida, kama anataja kipimo. "Mimi nilishona. Mistari ya bluu. Niliweka uzi."

"Najua, Habo."

"Najua unajua. Nilisikia bumzi yako hapa." Akagusa nyuma ya bega lake. "Nikasema, huyu mtoto ana mdomo, leo tumekwisha. Halafu ukanyamaza. Na baba yako, mtu ya serikali, na uzi yangu iko kwa miguu yake."

Yeye akainuka, akaenda ukutani. Lile koti halikuwa kwenye msumari, lilikuwa limekunjwa juu ya sanduku, na pembeni yake nafasi tupu. Kwao nguo za maiti hazikai nyumbani, zinatolewa. Kofia alikuwa amempa shemeji yake. Viatu amempa mwadhini. Fimbo ya zamani, kijana mmoja wa Hadado aliyekuwa anachunga naye.

"Hii ni ya Mwalimu," alisema.

"Habo, hili? Shemeji yako je?"

"Shemeji yangu ni mfupi. Baba yako ana mabega." Akalifungua, akageuza pindo la ndani, akanionyesha. Ulikuwepo, mpya, mwekundu, urefu wa punje ya mchele. "Mwambie afae mchana. Apite sokoni. Asiweke kwa sanduku."

Baba alilipokea kwa mikono miwili. Alivua miwani akaipangusa, akaivaa, akaivua tena. Yeye si mtu wa makoti; hapa jua linayeyusha chaki. Lakini asubuhi iliyofuata alilivaa, akafunga vifungo vyote viwili viwili, akachukua vitabu vyake, akatoka.

Mimi nilikuwa mlangoni kwa Fundi nikimletea maji. Tulimwona pamoja, yeye amesimama ndani kidogo ya kizingiti, pale eda inapomruhusu. Koti lilikwenda barabarani polepole. Mbele ya msikiti mzee mmoja aliacha kunywa chai. Watoto waliokuwa wanafukuza mbuzi walisimama, na mkubwa wao akaanza kusema kitu, nadhani alitaka kusema ng'ombe wamefika, halafu akaona ni Mwalimu, akanyamaza. Sokoni watu walifungua njia. Hakuna aliyeita. Lilipita katikati yao na vumbi lake mpaka likakata kona ya shule.

Nilimwangalia Fundi. Macho yake yalikuwa makavu, yamebanwa kidogo, kama anavyoangalia mshono kwenye mwanga.

"Mkono ya kushoto imelegea," alisema. "Mwambie alete."